Kiuno cha Suruali ya Meja

Mkasi mkubwa wa chumba kile cha ushonaji ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Meja. Wengine waligusa cherehani, pasi, chaki, hata redio. Mkasi hapana.

Meja hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mkataji wa vitambaa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu nyuma ya meza ndefu na kutoa amri. "Nyoosha hapo. Vuta kidogo. Hapo hapo, usitikisike." Kisha mkasi ulipita, na kitambaa kikaachana sawasawa kama kilichochorwa kwa rula.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kudhoofika misuli. Ulianza akiwa mtoto. Kwanza alikuwa akianguka ovyo shuleni. Halafu ngazi zikamshinda. Halafu, akiwa mtu mzima mwenye ndevu zake, miguu ikagoma kabisa. Mikono ilibaki na nguvu za kutosha kushika mkasi, mradi viwiko viegemee mezani.

Zamani daktari mmoja aliwaambia, "Misuli hii haina dawa ya kuiponya." Familia ikabeba maneno mawili tu: haina dawa. Wakarudi nyumbani, wakajifunza kuishi. Hawakukanyaga tena hospitali kwa ajili ya ugonjwa ule.

Na waliishi vizuri. Dada yake mkubwa ndiye aliyeshona. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yao alitia vifungo na kupiga pasi. Walishona sare za shule, za walinzi, za wauguzi na za wapishi wa mahotelini. Mtu akitaka nguo imkae mwilini, alielekezwa kwa wale watatu.

Sindano ndiye aliyemtunza mdogo wake. Asubuhi alimwinua kitandani, akamwogesha, akamvika. Nguo za Meja alizishona mwenyewe, wala hakuna duka lililokuwa nazo. Kiuno cha suruali kilipanda nyuma na kushuka mbele, ili kisimkate tumbo akikaa. Mifuko ya nyuma hakuweka, maana mfuko unaokaliwa kutwa nzima huumiza. Mtu akimsifu Meja kwa kupendeza, aliyejibu alikuwa Sindano.

Mwaka ule Meja akaanza kunenepa. Sindano akafurahi. Alifumua kiuno cha suruali, akakitanua. Baadaye akatia kipande cha kitambaa pembeni. Baadaye tena akatia kipande upande wa pili. Viatu vikakataa kuingia, akamshonea ndala laini za kitambaa zenye mdomo mpana. Meja akasema akilala chali anakohoa na pumzi inakwama. Sindano akamshonea mto mnene wa kuegemea, na mwingine juu yake, mpaka Meja akawa analala amekaa.

Kila shida ilipobisha hodi, Sindano aliishonea kitu.

"Mwoneni ndugu yangu," aliwaambia wateja. "Mlikuwa mnasema namnyima chakula."

Ni kweli tumbo lilikuwa limejaa. Lakini mashavu yalikuwa yameingia ndani. Na alasiri, Meja alianza kuweka mkasi chini kabla kazi haijaisha. "Chaki inanichosha macho," alisema. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku moja alikuja muuguzi kupimwa sare mpya. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, anayefanya kazi kliniki ya moyo katika hospitali kubwa. Sindano alimzungushia futi kiunoni.

"Vuta kwa huruma, dada," muuguzi akasema. "Hicho kiuno nimekitafuta kwa miaka mingi."

"Nitakuachia nafasi, Sista. Nimezoea kutanua." Sindano akaelekeza kidevu kwenye suruali iliyolala juu ya cherehani. "Ile ya Meja naifumua tena leo. Ananenepa kama mtu aliyepata cheo."

Muuguzi akaichukua suruali. Akavitazama vile vipande viwili. Akamtazama Meja usoni, kisha ndala zake.

"Anakula sana?" akauliza.

"Wapi," Mama akajibu toka kwenye pasi. "Anachokoa sahani kama kuku, halafu anasema ameshiba."

"Mama, usinichongee kwa wageni," Meja akasema.

Muuguzi akasogea mezani. "Kaka, nikikuomba mguu wako nitazame, utanipa?"

"Chukua yote miwili, Sista. Mimi siitumii."

Muuguzi akacheka, akachuchumaa. Akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akakaa hivyo kidogo, akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Sindano akainama kutazama. Shimo lilikuwa bado lipo.

"Nyama haifanyi hivi," muuguzi akasema. "Haya ni maji. Na tumboni nadhani ni maji pia. Unalalaje?"

"Kama mfalme. Nimekaa."

"Mito mingapi?"

Aliyejibu ni Sindano, kwa sauti ndogo. "Sasa ni mitatu."

Muuguzi akavuta kigoda, akakaa karibu na kiti cha Meja. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Sikilizeni. Moyo ni msuli. Ndiyo maana unadunda. Ugonjwa wa huyu ndugu unadhoofisha misuli, na moyo haukuachwa nje. Moyo ukidhoofika hausukumi damu vizuri. Damu inarundikana, na maji yake yanavuja. Yanashuka miguuni, yanajaa tumboni, mengine yanaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana ukilala chali unakohoa. Tumbo likijaa maji, hamu ya chakula nayo inakwenda. Sijakupima, kwa hiyo siapi. Lakini ningekuwa dada yako, kesho ungekuwa hospitali."

"Sista, mimi sihemi," Meja akasema. "Wenye moyo mbovu wanahema. Nawaona."

"Wanahema wakipanda ngazi. Wewe ngazi umepanda lini mara ya mwisho?"

Meja akatazama magurudumu ya kiti chake.

"Hapo ndipo ugonjwa huu unapojificha," muuguzi akasema. "Anayetembea, moyo ukichoka anaonekana njiani. Wewe umekaa, umetulia, unakata vitambaa. Nani atajua?"

Mama alikuwa amesimamisha pasi. Akaizima. "Kaka yangu," akasema. "Mjomba wao. Alikuwa na ugonjwa huu huu. Alikuwa kwenye kiti chake mchana, anasikiliza mpira. Tukadhani amesinzia. Tulisema miguu ndiyo iliyomwua."

Sindano aliitazama suruali mikononi mwa muuguzi. Mishono yake ilikuwa mizuri. Kila mshono ulikuwa umenyooka. Alikuwa akifumua na kutanua, huku mdogo wake akijaa maji mbele ya macho yake.

Meja akakohoa. "Mimi nimekuelewa, Sista. Lakini hospitali walishaniambia haina dawa. Niende nikaambiwe tena?"

"Walikwambia misuli ya miguu haina dawa ya kuiponya. Hilo kweli mpaka leo. Hakuna aliyekwambia moyo hauna dawa. Zipo. Haziufanyi moyo kuwa mpya, lakini zinausaidia, na mtu anaishi na kufanya kazi yake."

"Basi nikimaliza sare za walinzi. Majora hayo pale hayajakatwa. Nikimaliza, nitakwenda."

Sindano alimjua mdogo wake. Sare za walinzi zingefuatwa na za shule, za shule na za wapishi. Akaenda mezani, akauchukua mkasi mkubwa.

"Weka chini," Meja akasema.

"Nakusaidia kazi. Nitakata majora haya mimi, ili upate nafasi ya kwenda hospitali."

"Dada, weka huo mkasi."

Sindano akakunjua kitambaa cha walinzi. Nyumba nzima ilijua Sindano hajui kukata. Aliwahi kukata shati moja tu maishani, na mwenye shati alitembea siku nzima ameinamisha shingo kama anachungulia mfukoni mwake. Mkasi ukafunguka juu ya kitambaa.

"Sista," Meja akasema haraka, "hiyo kliniki yenu wanafungua saa ngapi?"

Dereva wa teksi wa mtaani kwao ndiye aliyewapeleka. Alimbeba Meja mpaka kwenye kiti cha gari, naye Meja akampa amri njia nzima.

Kliniki walimpima mambo mengi. Walimbandika waya kifuani, kupima umeme wa moyo. Walimpaka mafuta ya baridi na kupitisha kifaa juu ya mbavu, na moyo wake ukaonekana kwenye skrini. Walimpa mrija apulize, kupima nguvu za misuli ya kupumua, kwa sababu nayo hudhoofika, na pumzi mbaya inaweza kufanana na moyo mbaya. Wakatoa damu, kutazama figo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akawageuzia skrini.

"Moyo wako umetanuka na unasukuma kwa udhaifu. Hali hii tunaiita moyo kushindwa kufanya kazi. Jina linatisha. Maana yake si kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba umezidiwa na mzigo. Kazi yetu ni kuupunguzia."

Akamweleza dawa moja moja. Moja inalegeza mishipa, ili moyo usisukume kwa shida. Ya pili inatuliza mapigo, na moyo unapata nafasi ya kujaa vizuri. Ya tatu inatoa maji kwa njia ya mkojo.

"Dozi tunaanza ndogo, tunapandisha polepole," akasema. "Damu tutaipima tena, kwa sababu dawa hizi zinagusa figo na chumvi za mwilini. Usiache dawa kwa kuwa umejisikia nafuu. Punguza chumvi kwenye chakula. Na mgongo ukiuma, usinunue tu dawa ya maumivu dukani. Baadhi yake hurudisha maji. Uliza kwanza. Siku ukitakiwa kufanyiwa upasuaji wowote, hata mdogo, waambie mapema una ugonjwa wa misuli na wa moyo."

"Ningekuja mapema ungenifanyia nini?" Meja akauliza.

"Hivi hivi, lakini moyo ukiwa bado na nguvu. Mwenye ugonjwa wa misuli kama wako, moyo wake unapaswa kupimwa kila mwaka, hata kama hajisikii kitu. Mara nyingi dawa tunaanza kabla dalili hazijaonekana." Kisha akakuna shingo. "Wagonjwa wengine hujipima uzito nyumbani kila asubuhi. Uzito ukipanda ghafla, tunajua maji yanarudi. Lakini wewe huwezi kusimama kwenye mizani. Hapa tunayo ya kupandishia kiti. Nyumbani sijui tufanyeje."

Sindano akasogea mbele. "Daktari, mimi ni fundi cherehani. Tumbo na kifundo cha mguu nitavipima kwa futi."

Daktari akafikiri, akaitikia. "Asubuhi, kabla hajala. Mahali pale pale, ameketi vile vile."

"Kupima mahali pale pale ndiyo kazi yangu."

"Basi vipimo vikipanda siku mbili tatu mfululizo, au pumzi ikibana, au kikohozi cha kulala kikirudi, tupigie simu. Akizidiwa pumzi, usisubiri simu. Mlete."

Kila asubuhi Sindano alizungusha futi. Siku zikapita, na futi ikalegea. Mto mmoja ukaondoka kitandani, kisha wa pili. Zile ndala zikaanza kupwaya. Sindano akafumua vipande vya suruali, na safari hii alifumua akipiga mluzi.

Halafu wiki moja futi ikaanza kukaza tena.

"Vua uongo wako tuuanike," Sindano akamwambia Meja. "Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Zote?"

Meja akatazama ukutani. "Ya maji naiacha siku za kazi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiinywa nakwenda haja kila mara. Na kila nikienda ni wewe. Unaacha cherehani, unaacha wateja wamesimama, unaniinua. Nauona mgongo wako, Dada. Ukidhani sikuoni unaushika."

Sindano alikuwa na jibu kali tayari. Akalimeza. Alikaa kwenye kigoda na kumtazama mdogo wake, ambaye alikuwa akijizamisha ndani kwa ndani ili yeye asichoke.

"Bora niumwe mgongo nikiwa na ndugu," akasema mwisho.

Wakampigia simu yule muuguzi. Hakugomba.

"Wanaofanya hivyo ni wengi," akasema. "Wanaona aibu kusema. Nitamwuliza daktari, lakini najua atakachosema: inywe alfajiri, mkiamka. Kazi yake kubwa itaisha kabla hamjafungua mlango. Na mtafute chupa ya haja ndogo, zile za wagonjwa. Huna haja ya kuinuliwa. Dawa ikikusumbua, sema. Tutapanga upya. Ukinyamaza tunadhani haifanyi kazi."

Daktari akakubali. Meja akakata pazia kutoka kwenye mabaki ya kitambaa cha walinzi, Sindano akalishona, na pembe moja ya chumba ikawa yake. Wateja wakiuliza pazia la nini, Meja alisema, "Ofisi ya Meja." Baada ya siku chache futi ikalegea tena, na safari hii ikatulia.

Siku ya kurudi kliniki, daktari alifurahi. Kisha akawageukia wanawake wawili waliokuwa nyuma ya kiti.

"Mama, kaka yako alikuwa na ugonjwa huu, na mwanao anao. Basi wewe unaubeba, ingawa miguu yako ni mizima. Na binti yako huenda amerithi, huenda hakurithi. Mwanamke anayeubeba anaweza kutembea vizuri maisha yake yote, na bado moyo wake ukadhoofika. Naomba niwapime nyote."

"Mimi?" Sindano akasema. "Mimi ndiye ninayembeba huyu."

"Kwa hiyo tunakuhitaji mzima."

Moyo wa Mama ulikuwa salama. Aliambiwa arudi kila baada ya muda kupimwa. Moyo wa Sindano ulikuwa umeanza kulegea kidogo. Kidogo tu, daktari alisema, na wamewahi. Akampa dawa moja, dozi ndogo. Akamwambia asimwinue ndugu yake kwa mikono mitupu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akawafundisha kutumia ubao laini wa kutelezesha mtu kutoka kitandani mpaka kwenye kiti.

Kwa siku nyingi Sindano alikuwa akichoka jioni. Alidhani ni kazi. Walipofika nyumbani, pakiti ya dawa aliiweka kabatini, akafunga mlango.

Asubuhi, kabla hajamgusa Meja, alisikia amri kutoka kitandani.

"Dada. Dawa."

"Nitakunywa baadaye."

"Hakuna baadaye. Leta zako na zangu."

Sindano akasimama mlangoni, ameshika kiuno. "Tangu lini unaniamrisha mimi?"

"Tangu ulipotaka kukata kitambaa changu. Mimi naogopa pia, Dada. Tunywe pamoja."

Wakanywa pamoja. Kesho yake pia. Mama akawa anawatilia maji, na kupika kwa chumvi kidogo, huku akilalamika kwamba chakula kimekuwa kama cha mtoto mchanga. Ikawa ndiyo mwanzo wa siku katika nyumba ile: ubao wa kutelezesha, dawa, futi, kazi. Na Meja alikata mpaka jioni, jora juu ya jora, bila kulalamikia chaki.

Mwaka ulipozunguka walirudi wote kupimwa. Moyo wa Meja haukuwa umepona, na daktari hakumdanganya. Lakini ulikuwa unasukuma kwa nguvu kuliko siku ile ya kwanza, na mapafu yalikuwa makavu. Moyo wa Sindano ulikuwa umerudi katika hali ya kawaida. "Endelea na dawa," daktari akamwambia. "Anayekusimamia nyumbani anafanya kazi nzuri."

Nje, dereva wa teksi aliwasubiri. Akamtelezesha Meja kwenye kiti cha mbele, akakunja kile cha magurudumu, akawasha gari.

"Haya, Meja, hospitali wanasemaje leo? Unaendeleaje?"

"Mimi mzima," Meja akasema. Alikuwa amekaa wima, shati limemkaa mabegani. "Leo nilimleta dada yangu kupimwa moyo. Wanasema umekaa sawa."

Dereva akacheka. "Wewe ndiye uliyemleta?"

Meja alitazama barabara mbele. Dereva akainua macho kwenye kioo, akamtazama Sindano kule nyuma, akingoja acheke naye.

Sindano hakucheka. "Ndiyo," akasema. "Ndiye aliyenileta."